Ufa Tumeuziba, Mbona Ukuta Waanguka?

Wazee wetu walituachia methali ambayo kila mwanafunzi ameitumia walau mara moja katika insha: usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi walimu tumezoea kuifasiri haraka haraka. Twasema kwamba jambo dogo likipuuzwa huwa kubwa, kisha twasonga mbele kwenye methali ifuatayo. Ni nadra mwalimu kusita kidogo na kuuliza swali ambalo mwashi yeyote wa zamani angeliuliza kwanza: je, ufa huo uzibwe kwa kitu gani? Methali haisemi, na haikuwa na haja ya kusema. Walioitunga walijua fika ni kitu gani kinachoziba ufa katika ukuta wa mawe, kwani walikuwa wakikichoma wenyewe, wakikikoroga wenyewe na kukipaka kwa mikono yao. Leo hatujui, na kwa kuwa hatujui, twaziba nyufa kwa bidii na kuta zaanguka vilevile.

Swali hili lilinijia kisiwani Lamu, si darasani. Nilikuwa nimeandamana na wanafunzi wangu wa isimu kwenda kukusanya msamiati wa ufundi: majina ya vyombo vya maseremala, istilahi za mabaharia na maneno ya waashi. Tulikaribishwa katika nyumba moja ya mawe, mojawapo ya zile za kale, ambayo mwenyewe alikuwa ameifanyia matengenezo miaka mitatu iliyotangulia, bintiye alipokuwa akiolewa. Ukuta wa ua wa ndani ulikuwa umepigwa lipu ya saruji, ukasawazishwa barabara na kupakwa rangi ya mafuta. Siku ya harusi, tuliambiwa, ulimetameta. Sisi tulipoukuta ulikuwa umevimba na kuparama kama ngozi iliyoungua. Mzee mmoja mwashi aliyekuwa ametuandama aliugonga kwa kifundo cha kidole, ukatoa mlio wa debe tupu. Akapenyeza ncha ya mwiko, akabandua kipande cha lipu chenye ukubwa wa sahani. Kipande kilitoka kizima, kigumu, bila ya ufa hata mmoja. Nyuma yake kilikuwa kimebeba tabaka la jiwe lililokwisha kugeuka unga.

“Mwalimu,” akaniambia, “saruji haikushindwa. Saruji ni nzima. Lililokufa ni jiwe.”

Mwenye nyumba, ambaye alikuwa amekopa fedha kwa ajili ya kazi ile, alisimama kando akitazama asiseme neno. Yeye hakupuuza ufa. Aliuona mapema, akauziba kwa wakati, kama methali ilivyomwamuru. Kosa lake ni kwamba hakuna mtu aliyemwambia kwamba matengenezo nayo yaweza kuwa maradhi.

Ili tuelewe ni nini kilichotendeka nyuma ya lipu ile, hatuna budi kwanza kujua ukuta wenyewe umeumbwa kwa nini. Majumba ya kale ya pwani yetu, tangu Lamu na Pate hadi Mombasa, Unguja na Kilwa, yalijengwa kwa mawe yatokanayo na matumbawe. Mawe hayo ni ya aina mbili. Kuna yale ambayo huchimbwa nchi kavu, magumu na yenye mashimo mengi, ambayo ndiyo mwili wa ukuta. Kuna na yale yaliyokatwa baharini, ambayo ni laini yakiwa bado mabichi, huchongwa kwa urahisi, kisha hukauka yakawa magumu. Hayo yalitumiwa kwa mihirabu, miimo ya milango na mapambo. Yote mawili ni kalisi kaboneti, kemikali ile ile iliyo katika ganda la yai na kombe la chaza. Mawe hayo yamejaa vitundu, na vitundu hivyo hufyonza maji.

Hapo ndipo uharibifu unapoanzia. Maji yaliyo ardhini hupanda ukutani kama mafuta ya taa yapandavyo utambi. Mengine huletwa na mvua, na mengine na upepo wa bahari ambao hubeba vijitone vya chumvi na kuvinyunyizia kila kilicho ufuoni. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Maji yakifika kwenye uso wa ukuta, jua huyageuza mvuke yakaenda zake, lakini chumvi haiwezi kuruka. Hubaki ndani ya vitundu vya jiwe, ikaganda na kuwa fuwele, na kila fuwele ikuapo huvisukuma vikuta vya kitundu chake. Usiku unyevu ukirudi, chumvi huyeyuka. Mchana huganda tena. Mchezo huu hurudiwa siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka, mpaka jiwe lipukutike. Watu wa pwani husema chumvi yaula ukuta, na kwa maoni yangu hawajakosea sana. Ila chumvi hailambi wala haitafuni, bali hulipasua jiwe kutoka ndani.

Jambo la kuzingatia ni hili: chumvi huharibu pale maji yanapokaukia. Kwa hivyo, mjenzi mwenye busara hujiuliza ni wapi angependa maji yakaukie. Wahenga wetu walilijibu swali hilo kwa chokaa.

Chokaa ya kale ilipatikana kwa kuyapanga mawe ya matumbawe juu ya tanuri la magogo na kuyachoma kwa moto mkali. Joto likifikia kiasi cha nyuzi 900 za Selsiasi, jiwe hutoa gesi ya kaboni dioksidi. Mwanafunzi wa kemia aweza kupiga hesabu mwenyewe: kilo 100 za kalisi kaboneti safi hutoa kilo 44 za gesi na kubakisha kilo 56 za chokaa kali. Chokaa hiyo ikimwagiwa maji hufoka na kuchemka, kisha hutulia ikawa laini kama uji mzito. Ilichanganywa na mchanga, ikajengewa na kupigiwa lipu. Baada ya hapo, polepole, kwa miezi na miaka, iliivuta tena kutoka hewani gesi ile ile iliyoipoteza motoni, ikarejea kuwa kalisi kaboneti. Tuseme jiwe lilivunjwa kwa moto, likapakwa likiwa laini, kisha likarudi kuwa jiwe mahali tunapolitaka. Ndiyo sababu chokaa na ukuta wa matumbawe vilipatana: vilikuwa ndugu wa damu moja.

Tena chokaa ni laini kuliko jiwe, na yapitisha unyevu kwa urahisi. Maji yaliyomo ukutani hupata njia ya kutokea kupitia kwenye viungo na kwenye lipu, yakakaukia humo, na chumvi ikagandia humo. Baada ya miaka kadhaa lipu hupukutika. Basi na ipukutike! Hiyo ndiyo kazi yake. Mwashi huikwangua akapiga nyingine, na jiwe likabaki salama. Lipu ya chokaa ni nguo ya ukuta, na hakuna mtu aliaye kwa sababu nguo imechakaa maadamu mwili ni mzima.

Saruji ya viwandani ina tabia nyingine kabisa. Aina tuitumiayo sana, iliyopewa hataza nchini Uingereza na Joseph Aspdin mwaka wa 1824, ni ngumu, huganda upesi na haipitishi maji kwa wepesi. Sifa hizo ndizo zilizoiwezesha kujenga madaraja, mabwawa na maghorofa ya ulimwengu wa leo, na sina ugomvi nayo katika kazi hizo. Lakini ukiivika ukuta wa matumbawe unaofyonza maji kutoka ardhini, umeyafungia maji hayo ndani. Yasipopata njia ya kupitia kwenye lipu, hupanda juu zaidi kuliko yalivyozoea, au hukaukia nyuma ya lipu, ndani ya jiwe lenyewe. Chumvi nayo huyafuata. Isitoshe, saruji yenyewe huja na chumvi zake ambazo huongezea zile zilizokuwamo. Matokeo ni yale niliyoyaona Lamu: nguo mpya, imara, isiyo na doa, imevishwa maiti.

Yamkini msomaji wa bara asema kwamba haya ni mambo ya watu wa pwani. La hasha. Mwalimu mwenzangu, nakusihi utoke nje ya darasa lako uutazame ukuta. Shule zetu nyingi hupaka rangi ya mafuta, nyeusi au buluu, kwenye sehemu ya chini ya kuta ili matope yasionekane. Tazama kidogo juu ya mstari ambapo rangi hiyo inaishia. Katika majengo mengi utaona unga mweupe, rangi iliyobambuka na mawe yaliyoanza kumung’unyika. Ni chumvi ya ardhini. Maji yalitaka kutokea chini, yakaikuta rangi ya mafuta imeziba mlango, yakapanda mpaka mahali palipokuwa wazi. Kila mwaka twapiga rangi juu ya unga huo, na kila mwaka unga hurudi, ilhali dawa yenyewe huenda ikawa ni kurekebisha mfereji wa paa uliovunjika na kuondoa udongo wa bustani ya maua uliorundikwa kwenye msingi.

Na kama ni mfano wa ujenzi wa bara unaotafutwa, twende Thimlich Ohinga katika kaunti ya Migori, mahali palipoorodheshwa kuwa urithi wa dunia mwaka wa 2018. Kuta zake za mawe, ambazo kwa sehemu nyingine zina unene wa hadi mita 3, zilipangwa jiwe juu ya jiwe bila ya chokaa, bila ya udongo wa kushikiza wala kitu chochote cha kugandisha. Mvua hupita katikati yake, na mawe yana nafasi ya kutulia ardhi inapotikisika. Kilicho adui kwa kuta hizo si chumvi, bali ni mizizi ya miti, mifugo na watu wapandao juu yake. Mjenzi wa Thimlich Ohinga na mjenzi wa Lamu hawakujuana, lakini kila mmoja alijua jambo moja: ukuta sharti uachiwe njia ya kutolea maji.

Nimetaja mizizi, na hapa twaingia kwenye maadui walio hai. Jiwe lenye unyevu ni shamba. Wa kwanza kulilima ni viumbe wasioonekana kwa macho, bakteria na mwani, ambao hufanya ule utando wa kijani au mweusi tuuonao kwenye kuta zielekeazo mvua. Utando huo hulifanya jiwe lisikauke upesi. Kisha huja yale mabaka ya kijivu na ya manjano yaliyoshikamana na jiwe kama viraka. Hayo ni ushirika wa kuvu na mwani waishio pamoja. Kuvu hupenyeza nyuzi zake ndani ya vitundu na kutoa asidi inayoyeyusha kalisi kidogo kidogo. Vumbi na majani makavu yakijikusanya ufani, udongo umepatikana, na mbegu yaweza kuota.

Mbegu iliyo hatari zaidi ni ya miti ya jamii ya mkuyu. Ndege hula tunda, akatua juu ya ukuta, akaacha mbegu ufani pamoja na mbolea yake. Mzizi huifuata njia ya unyevu ndani ya chokaa, mwembamba kama uzi mwanzoni, kisha hunenepa mwaka hadi mwaka na kuyatenganisha mawe. Yeyote aliyewahi kuwapeleka wanafunzi Gede, karibu na Malindi, ameiona kazi hiyo. Mji ule, ambao uliachwa na wenyeji wake kufikia karne ya 17, ulimezwa na msitu mpaka James Kirkman alipoanza kuuchimbua mwaka wa 1948. Kaburi lake moja lina tarehe ya mwaka wa 802 Hijria, yaani 1399. Mnamo 2024 Gede nayo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Humo mizizi imeyakumbatia mawe kiasi kwamba ni vigumu kusema ni kipi kimekishika chenzake.

Nalo ni fumbo la kweli, wala si madoido ya watalii. Mti uliokwisha kukua ndani ya ukuta huwa ndio unaoubomoa na pia ndio unaouzuia usianguke. Ukiung’oa kwa pupa, mawe huporomoka pamoja na mizizi. Ukiukata na kuuacha, mizizi huoza na kuacha mapango ndani. Mafundi wenye ujuzi hukata shina, wakalifisha ili lisichipuke, wakaiacha mizizi mahali pake, kisha wakajaza chokaa hatua kwa hatua kadiri mapengo yanapotokea. Ni kazi ya miaka. Lakini mche wa mkuyu wenye majani mawili waweza kung’olewa na mtoto wa darasa la nne kwa vidole viwili. Methali yetu haijapata kuwa na maana iliyo wazi kuliko hapo.

Hata katika vita dhidi ya viumbe hao, pupa yetu imeleta hasara. Nimewahi kumwona mtumishi wa jengo moja la kale akisugua mabaka ya kijivu kwa brashi ya waya, huku kando yake kukiwa na chupa ya asidi ya kusafishia vyoo. Alidhani anasafisha. Asidi huyeyusha kalisi kaboneti, kwa hivyo alichokuwa akisafisha ni jiwe lenyewe, nao uso mkavu na mgumu uliolikinga ukaondoka pamoja na uchafu. Tena si kila utando ni adui. Wataalamu wameonyesha kwamba mahali pengine huusitiri uso wa jiwe dhidi ya jua na mvua. Tiba ya kwanza ni kuondoa unyevu. Utando ukikosa maji hunyauka wenyewe.

Mimi si mhandisi wala si mkemia, na huenda mtu akaniuliza mwanaisimu atafuta nini kwenye matanuri ya chokaa. Jibu ni kwamba kosa hili, kwa sehemu, limefichwa na lugha. Neno saruji tulilipata kutoka Kiarabu. Huko Oman hadi leo sarooj ni jina la mchanganyiko wa kale utokanao na udongo uliochomwa, ambao ulijengewa ngome na mifereji ya maji kwa karne nyingi. Ni kitu kilicho karibu zaidi na chokaa ya wazee wetu kuliko ule unga wa kijivu tununuao madukani kwa mifuko ya kilo 50. Unga huo ulipofika kwetu tuliuvika jina la zamani. Jina likabaki, kitu kikabadilika, na masikioni mwa mwenye nyumba ikawa kama kwamba hakuna kilichobadilika: saruji ni saruji. Huenda wale wanaosema simiti, ambao sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kuwakosoa, ndio walioonyesha kwa uaminifu zaidi kwamba walikuwa wameletewa kitu kigeni.

Kule Lamu wanafunzi wangu walirekodi msamiati wa waashi wa rika mbili. Wazee walitupa maneno ya kuchoma chokaa, kuizima, kuilaza, kuipiga na kuing’arisha; walikuwa na jina la kila namna ya kidaka, kila unene wa lipu na kila hali ya jiwe, liwe bichi, kavu au lililochoka. Vijana waliijua timazi, pimamaji, kokoto na nondo. Hawakuwa wajinga; walikuwa wamefunzwa kazi nyingine. Lakini neno likipotea, ujuzi uliokuwa umefungwa ndani yake huwa tayari umekwisha kupotea. Twawasomesha wanafunzi wa fasihi Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, utenzi uombolezao magofu ya Pate, nao wafungua kamusi kutafuta maana ya zidaka. Ajabu ni kwamba vidaka hivyo bado vimo katika kuta zilizosimama, na mwashi ajuaye kuvitengeneza bado yu hai, ila hatujamwita darasani.

Nayajua majibu yatakayotolewa. Kwanza, itasemwa kwamba chokaa ni ghali na ya polepole, na maskini hawezi kungoja. Ni kweli kwamba ni ya polepole. Lakini mwenye nyumba wa Lamu alilipia saruji, na sasa atalipia kubandua saruji, kulipia jiwe lililokufa na kupiga lipu upya. Gharama ya kitu huhesabiwa kwa umri wake, si kwa bei ya siku ya kwanza. Pili, itasemwa kwamba kuchoma matumbawe na magogo ni kuharibu bahari na misitu. Hoja hii ni nzito na naikubali. Matumbawe hai yasiguswe kamwe. Ni ukuta wa kwanza wa pwani dhidi ya mawimbi. Lakini chokaa hupatikana pia kutokana na mawe ya nchi kavu, na yaweza kuchomwa katika matanuri yatumiayo moto vizuri zaidi. Wala sisemi kila nyumba mpya ijengwe kwa chokaa. Nasema ukuta uliojengwa kwa chokaa utibiwe kwa chokaa.

Tatu, kuna wale watakaosema kwamba mawe ya kale ni anasa ya watalii na wasomi. Hao nawakumbusha habari za Beit al-Ajaib kule Unguja, jumba la Sultani Barghash lililojengwa mwaka wa 1883. Sehemu yake moja ilianguka mwaka wa 2012. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa zaidi iliporomoka wakati wa ukarabati, na watu wawili wakafa. Sitaki kuhukumu chanzo cha mkasa ule, lakini naujua ujumbe wake. Chini ya kuta za kale kuna watu. Kuna familia zinazolala chini ya boriti ambazo mchwa na unyevu vimezila ncha zilizoingia ukutani, mahali ambapo jicho halifiki. Kuna watoto wa madrasa, wachuuzi vibarazani na wapita njia kwenye vichochoro. Ukuta ukiliwa kutoka ndani huku uso wake ukimetameta kwa rangi, hautoi onyo.

Yafaa nini basi kifanywe? Sheria tunayo. Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kitaifa ya mwaka wa 2006 yalinda majengo yaliyotangazwa rasmi. Lakini sheria haiwezi kukoroga chokaa. Kinachohitajika ni mikono, na mikono hufunzwa. Vyuo vyetu vya kiufundi vifundishe uashi wa chokaa sambamba na wa saruji, hasa katika kaunti za pwani, na wazee waliobaki walipwe kama walimu wafundishe kabla hawajatutoka. Kabla ya mtu kupewa kibali cha kukarabati nyumba ya kale, aelezwe kwa Kiswahili anachokielewa ni kitu gani kinachofaa ukuta wake na kwa nini.

Kwa upande wetu walimu, hatuhitaji kungoja wizara. Mtaala wa umilisi watutaka tumfunze mwanafunzi kwa vitendo, na hili ni jambo la vitendo lisilogharimu chochote. Chukua tofali la udongo uliochomwa, ulisimamishe katika sahani ya maji yaliyotiwa chumvi, uliweke dirishani. Wanafunzi waandike kila siku maji yamepanda kiasi gani, na waandike siku ambayo unga mweupe umetokea. Tofali la pili walipake rangi ya mafuta upande wa chini, kisha walinganishe. Mtakapozuru Gede, Fort Jesus au Thimlich Ohinga, wasikariri tu kwamba Wareno walianza kuijenga ngome ya Mombasa mwaka wa 1593. Waulizwe: maji ya ukuta huu yatokea wapi? Nani anauziba ufa ule, na kwa kitu gani?

Mzee yule mwashi nilimuuliza amemrithisha nani kazi yake. Akanijibu kwamba ana mjukuu aliye fundi hodari, lakini yuko Mombasa akijenga maghorofa, na hakuna aliyewahi kumlipa kwa kazi ya chokaa. Kisha akainama, akaanza kuukwangua ukuta wa mwenye nyumba, taratibu, kwa mwiko uliolika mpaka ukawa mfupi kama kijiko. Wanafunzi wangu wawili waliweka madaftari chini wakamsaidia. Hiyo ndiyo iliyokuwa saa bora zaidi ya ziara yetu, nayo haikuwa kwenye ratiba.